Mti Hushushwa

Kibali cha kaunti kilikuja Jumanne, kimegongwa muhuri
mara mbili, kana kwamba mti ungeweza kukata rufaa.
Mgrevilea, mita kumi na nane, umekauka tangu kiangazi cha mwaka juzi,
umeliegemea paa la Mama Wairuri, pale Woodley,
kama mlevi aliyesahau mlango wake.

Nilimwambia mapema: mama, huu umekufa.
Akasema, una kwarara wawili.
Nikasema, kwarara hawakagui mizizi.
Tukaachana hivyo, kwa chai.

Kisha mvua ya Aprili ikatupa tawi moja, nene kama paja,
likatoboa mabati ya jikoni, likatua kwenye sufuria ya githeri.
Hakuna aliyeumia. Githeri tu.
Usiku huohuo simu yangu ikalia.

Watu hudhani mti huangushwa.
Labda shambani, penye nafasi na ng'ombe wa kushangaa.
Hapa kuna ukuta, nyaya za stima, tangi la maji la jirani,
gari la mwanawe ambalo mkopo wake haujaisha.
Hapa mti hushushwa,
kipande kwa kipande, kwa kamba, kwa adabu,
kuanzia juu, pale ulipoishia kukua.

Onditi yuko chini, kamba ameizungusha mara tatu kwenye shina.
Lihanda anafukuza watoto.
Mimi ndiye wa juu. Nina miaka hamsini na mmoja
na mke anayeamini siku hizi nasimamia tu.

Mti mbichi hukuonya: hulia, huyumba, hukupa muda.
Mkavu hauna maneno. Unaugonga kwa mpini wa panga,
unategea sikio: ko, ko, ko,
halafu bu.
Hapo penye bu usiweke mguu
hata kama panapendeza kuliko pengine pote.
Ndivyo alivyokwenda Mbithi, kule Loresho, kicheko bado kinywani.
Habari za Mbithi simsimulii mteja.

Saa sita vilele vimekwisha. Kwarara wamehamia kwenye antena,
wananitukana kwa sauti ya bawaba zisizotiwa mafuta.
Nikafika pale shina linapogawanyika.
Msumeno ukaguna, ukaguna, ukapiga yowe,
cheche zikaruka kutoka ndani ya mbao,
mnyororo ukakatika,
ukanipita shavuni karibu kama mnong'ono.

Chuma. Ndani kabisa.
Ndoano nene kama kidole gumba; mti ulikuwa umeimeza
na kufumba mdomo.

Mama Wairuri alikuwa amesimama chini. Hakuuliza ni nini.
"Ya bembea," akasema. "Bembea ya Ng'endo.
Baba yake aliipigilia akiwa na suti, tumetoka kanisani.
Mtoto alipokua nikamwambia aitoe, itaua mti.
Akaniambia ameitoa."

Kipande kile nilikifunga mafundo mawili kuliko inavyohitajika.
Onditi akaachia kamba inchi kwa inchi,
viganja vikinuka kuungua,
mpaka kikagusa nyasi kama mtu anayekaa kitandani pa mgonjwa.
Akakiinamia. Akaweka kidole kwenye chuma.
"Mwongo wewe," akasema,
kwa sauti ambayo nilijifanya sikuisikia, nikikunja kamba.

Jioni magogo yalikwenda na mtu wa bekari,
unga wa mbao ukaenda kwa kuku.
Kisiki tumekiacha, kung'oa kuna bei yake.
Jua likaingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu nyumba ipauliwe;
akajikinga uso, akalalamika
kwamba sasa anawaona wa ghorofa ya nne wakipiga mswaki.

Kwenye risiti niliandika: kupanda, kukata, kubeba.
Nikaandika mnyororo mmoja, nikaufuta,
nikauandika tena, maana mnyororo ni mnyororo.
Alilipa bila kusoma.
Alikuwa anamuuliza Lihanda kama kipande kile
kinaweza kuchongwa kigoda, ndoano itokeze kando.
"Itakukwaza, mama," Lihanda akasema.
"Najua," akasema. "Iache hapohapo."